Kwa nini picha za wakurugenzi wa kampuni moja hazifanani, na namna ya kuzifananisha bila kubadilisha nyuso zao

Fungua ukurasa wa uongozi katika tovuti ya kampuni yenye makao makuu Nairobi na ofisi Dar es Salaam, Kampala, Kinshasa na Dubai. Mara nyingi utakuta hali hii. Mkurugenzi Mtendaji amesimama mbele ya ukuta wa kijivu, nuru laini, suti imenyooka. Mwenzake wa Dar es Salaam kapigwa picha barazani saa sita mchana, macho kayafinya kwa jua. Wa Kampala uso wake umekuwa wa manjano kwa sababu ya taa za ofisi. Wa Kinshasa picha yake imekatwa kutoka kwenye picha ya hafla, na bega la aliyekuwa amesimama jirani bado linaonekana pembeni. Wa Dubai yuko mbele ya weupe mtupu, na ngozi yake imelainishwa hadi haina kinyweleo. Hawa wote wanakaa kikao kimoja na majina yao yamo katika ripoti moja ya mwaka, ila ukimtazama kila mmoja unadhani ni wa kampuni yake.

Wapo wanaoona hili ni suala la urembo tu. Mimi sikubaliani nao. Ukipanga picha hizo mstari mmoja, mtazamaji anatambua haraka nani ni wa makao makuu na nani ni wa "huko matawini", na anatambua hivyo kabla hajasoma cheo cha mtu. Aliyepigwa vizuri anaonekana mzito. Aliyepigwa vibaya anaonekana kama amealikwa tu. Na karibu kila mara, aliyepigwa vibaya ni yule wa ofisi ndogo, ambako hakuna aliyetuma taa wala bajeti. Kwa hiyo tunapozungumzia kufananisha picha za viongozi tunazungumzia heshima iliyo sawa kwa watu wenye kazi iliyo sawa.

Ugumu unaanzia kwenye swali ambalo kampuni nyingi hazijiulizi: tunataka nini hasa kifanane? Jibu langu ni moja, na makala haya yote yanalizunguka. Kinachotakiwa kufanana ni mazingira ya picha, yaani umbali wa kamera, nuru, mandhari ya nyuma, ukataji wa picha na rangi. Mtu mwenyewe aachwe alivyo: ngozi yake, vazi lake, umri wake, namna anavyotabasamu. Kampuni nyingi hufanya kinyume. Mazingira wanayaacha yajipange yenyewe, kisha wanajaribu kuwafananisha watu kwa kompyuta.

Maneno mazuri hayapigi picha

Mwongozo wa picha wa kampuni ya kawaida huwa umejaa sifa. Picha iwe "ya kisasa", "yenye mvuto", "ya kirafiki lakini ya kitaalamu". Mpiga picha wa Kigali akisoma hivyo ataelewa lake, wa Muscat ataelewa lake, na wote wawili watakuwa wametii mwongozo. Fundi cherehani hapewi agizo la kushona "shati la heshima". Anapewa urefu wa mkono na upana wa bega. Mwongozo wa picha nao unahitaji namba.

Wazo la kupiga nyuso kwa namba si geni. Miaka ya 1880 huko Paris, karani wa polisi aitwaye Alphonse Bertillon alichoshwa na picha za wahalifu zisizolinganika. Kila mpiga picha alikuwa na pembe yake na nuru yake, hata ikawa vigumu kujua kama mtu wa picha hii ndiye wa picha ile. Akaamua kiti kikae mahali pamoja, kamera umbali uleule, nuru ileile, picha moja ya mbele na moja ya ubavuni. Mfumo wake ulienea katika polisi wa nchi nyingi. Bila shaka hakuna mkurugenzi anayetaka kufanana na picha ya polisi, na hofu hiyo ina msingi, maana picha zilizofananishwa kupita kiasi huwa na ubaridi huo. Lakini kanuni yenyewe ni sahihi: ukitaka nyuso zilinganike, tuliza kila kitu kinachozizunguka.

Mrithi wa kanuni hiyo tunamjua sote, ni picha ya pasipoti. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lenye makao yake Montreal, limeandika katika waraka wake namba 9303 kwamba kichwa, kuanzia kidevu hadi utosi, kichukue kati ya asilimia 70 na 80 ya urefu wa picha. Hakuna neno "mvuto" humo. Na bado, mwenye kibanda cha picha anakuuliza kwanza, "Ya pasipoti au ya viza? Viza ya wapi?" kwa kuwa Marekani inataka picha ya mraba wa inchi 2 kwa 2 na kichwa cha milimita 25 hadi 35, wakati nchi nyingi za Ulaya zinataka milimita 35 kwa 45. Serikali zenye sheria na mipaka zimeshindwa kukubaliana juu ya kipimo kimoja. Kampuni isiyo na kipimo chochote itapata wapi ulinganifu?

Umbali ndio unaotengeneza uso

Watu wengi hudhani lenzi ndiyo inayobadilisha sura. Kwa kweli kinachobadilisha sura ni umbali kati ya kamera na mtu. Lenzi inaamua tu ni kiasi gani cha mbele yako kitaingia kwenye picha. Kamera ikiwa karibu sana, pua iko karibu na lenzi kuliko masikio kwa uwiano mkubwa, basi pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Watafiti wa Rutgers na Stanford walikokotoa jambo hili mwaka 2018: picha iliyopigwa kwa umbali wa sentimita 30 inaonyesha pua pana zaidi kwa takriban asilimia 30 kuliko picha iliyopigwa kwa mita 1.5.

Sasa fikiria mkurugenzi mmoja kapigwa kwa kamera kutoka mita mbili, na mwingine kajipiga mwenyewe kwa simu kwa sababu alikuwa safarini. Hakuna mhariri wa picha atakayezifanya sura hizo mbili zionekane zimetoka chumba kimoja. Tofauti imo ndani ya umbo la uso.

Kwa hiyo namba ya kwanza katika mwongozo ni umbali. Mita 2 kutoka lenzi hadi jicho, lenzi ya milimita 85 kwa kamera yenye sensa (kipande cha ndani kinachopokea nuru) kubwa ya milimita 24 kwa 36, kamera ikiwa imegeuzwa ili picha iwe ndefu kwenda juu. Kwa vipimo hivyo unapata takriban sentimita 85 za mwili kwenda chini, yaani kichwa, mabega na kifua, pamoja na nafasi ya kukata baadaye. Weka alama mbili za gundi ya karatasi sakafuni, moja ya kamera na moja ya kiti, na hapo mjadala umekwisha.

Namba ya pili ni kimo cha kamera. Kamera iwe usawa wa macho. Ikishuka, mtu anaonekana anakutazama kutoka juu. Ikipanda, anaonekana mdogo na mnyonge. Katika safu ya picha kumi, aliyepigwa kutoka chini ndiye atakayeonekana bosi wa wengine hata kama ni mhasibu wa tawi. Kwa kuwa watu hawalingani urefu, kiti kirefu kisicho na mgongo kinarahisisha kazi: wote wakikaa, tofauti ya kimo inapungua, na kamera inapanda au kushuka sentimita chache tu.

Ukuta uleule, rangi mbili tofauti

Hapa ndipo ofisi nyingi hukwama, na wanaokwama huwa hawajui kwa nini. Makao makuu yananunua karatasi za kijivu za aina moja za kutandazwa nyuma ya mtu, yanazituma ofisi zote, kisha picha zinarudi: moja ina kijivu cha mawingu, nyingine kijivu cha makaa. Lawama zinamwendea aliyenunua karatasi. Lakini karatasi ni ileile.

Kilichobadilika ni ukubwa wa chumba. Nuru ya taa hupungua kwa mraba wa umbali: ukiongeza umbali mara mbili nuru inabaki robo, ukiongeza mara tatu inabaki sehemu moja ya tisa. Weka taa mita 1 kutoka usoni. Katika chumba kidogo, karatasi iko mita 1 nyuma ya mtu, kwa hiyo iko mita 2 kutoka kwenye taa. Inapata robo ya nuru inayofika usoni. Katika ukumbi mkubwa wa bodi, mpiga picha anajinafasi na kuiweka karatasi mita 2 nyuma ya mtu, yaani mita 3 kutoka kwenye taa. Inapata sehemu moja ya tisa. Uso ni uleule, karatasi ni ileile, na mandhari yametofautiana kwa zaidi ya mara mbili.

Dawa yake ni kuandika umbali tatu badala ya mmoja: taa hadi uso, uso hadi mandhari, kamera hadi uso. Kama kuna uwezo, iwepo taa ya pili inayomulika mandhari peke yake ili rangi yake isitegemee tena taa ya usoni. Na kipimo hicho kichaguliwe kwa kufikiria chumba kidogo kuliko vyote ambacho kampuni inacho, maana chumba kikubwa kinaweza kuiga kidogo, kidogo hakiwezi kuiga kikubwa.

Nuru ya ofisi yenyewe ni adui mwingine. Kila chanzo cha nuru kina rangi yake, inayopimwa kwa Kelvini. Balbu ya manjano ya nyumbani iko karibu na 2700, jua la mchana karibu na 5500, kivuli cha siku yenye anga safi hupanda hadi 7000 na zaidi. Taa za dari za ofisi ziko popote katikati, na za bei rahisi huongeza ukijani usoni. Mtu akikaa kati ya dirisha na taa ya dari, shavu moja linakuwa la bluu na jingine la njano, na hakuna kitufe kimoja cha kompyuta kinachotibu mashavu mawili.

Jibu la wapiga picha wazoefu ni flashi yenye nguvu inayoizima nuru ya chumba. Kwa ISO 100 (kiasi cha usikivu wa kamera kwa nuru), shata inayofunguka kwa sekunde 1/125 na tundu la lenzi la f/8, taa za kawaida za ofisi hazifikii hata sehemu moja ya thelathini ya nuru inayohitajika. Ukipiga bila flashi picha inatoka karibu nyeusi kabisa. Maana yake ni kwamba taa za Kampala na za London zinaacha kuwa na kauli. Linalobaki ni nuru uliyokuja nayo, na hiyo unaweza kuifananisha popote. Flashi za betri zina faida nyingine ya kawaida kabisa: hazijali kwamba umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Marekani ni 120, wala kwamba plagi za Dar hazina soketi ya kuingia Chicago. Ukisafiri nazo kwa ndege, kumbuka betri za lithiamu za akiba hubebwa mkononi, na zikizidi wati-saa 100 shirika la ndege lazima liridhie kwanza.

Kanzu nyeupe na suti nyeusi

Tuingie chumbani kwa muda. Mpangilio uko sawa, alama ziko sakafuni, taa imewekwa. Anaingia mkurugenzi wa kwanza, amevaa kanzu nyeupe na kofia. "Karibu Mzee, kaa hapa, kidevu shusha kidogo tu." Picha inapigwa kwa kamera iliyoachwa kwenye otomatiki. Uso umetoka na giza. Anaingia wa pili, suti nyeusi na tai ya bluu iliyokolea. Uso wake umetoka umepauka. Taa haikuguswa.

Otomatiki ya kamera imejengwa ikiamini kwamba dunia ikichanganywa yote inakuwa kijivu cha wastani. Ikiona weupe mwingi wa kanzu inadhani kuna nuru nyingi mno na inapunguza. Ikiona weusi wa suti inadhani kuna giza na inaongeza. Imeshughulikia nguo, na uso umelipa gharama. Kwa hiyo mwongozo mzuri unakataza otomatiki kabisa: kipimo kinawekwa kwa mkono, kwa kadi ya kijivu cha wastani iliyoshikwa mbele ya uso, na hakiguswi hadi mtu wa mwisho.

Kanzu inafundisha jambo jingine. Kampuni ikichagua mandhari meupe, dishidasha ya mkurugenzi wa Muscat na kanzu ya yule wa Zanzibar zinayeyukia ukutani na kubaki kichwa kinachoelea. Ikichagua meusi, ni suti nyeusi na nywele nyeusi zinazopotea. Kijivu cha kati, kikielekea kwenye nuru kidogo, ndicho kinachowapa wote mpaka unaoonekana, na taa ndogo ya nyuma inayogusa bega na nywele inamaliza kazi. Nimeona kampuni ikibadilisha kanuni ya mavazi ili kulinda mandhari yake. Huko ni kugeuza mambo. Mandhari ndiyo yafuate watu, na kuhusu mavazi mwongozo useme tu: vazi rasmi kwa desturi ya mvaaji, lisilo na maandishi wala nembo kubwa. Hijabu, kitenge, suti, kilemba cha Oman, vyote vinakaa vizuri kwenye safu moja iwapo nuru ni moja.

Ngozi si kosa la kusahihishwa

Historia ya picha za rangi ina deni kwetu. Kuanzia miaka ya 1950, maabara za Kodak zilipima usahihi wa rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizokuja kuitwa "Shirley". Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imepimwa. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth alieleza mwaka 2009 kwamba shinikizo kubwa la kuboresha rangi za kahawia halikutoka kwa watu waliokuwa wakipotea gizani katika picha za familia. Lilitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani zilivyo. Kadi zenye watu wa ngozi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Mwaka 2022 Google ilianza kutumia kipimo cha ngozi chenye ngazi 10 kilichotengenezwa na mwanasosholojia Ellis Monk wa Harvard, ishara kwamba kazi hii haijakwisha hata kwenye simu tulizo nazo mifukoni.

Hili linagusa moja kwa moja picha za viongozi, kwa sababu "kufananisha" mikononi mwa mhariri asiye makini huwa na maana ya kusogeza nyuso zote kwenye mwangaza mmoja. Mkurugenzi mweusi wa Juba anang'arishwa hadi afanane na mwenzake wa Mumbai, na yeye wa Mumbai anasogezwa kuelekea wa London. Safu inapendeza kwa mbali, na watu watatu wamepoteza rangi zao. Kama kadi ya kijivu katika picha zote tatu inasoma namba ileile kwenye kompyuta, basi picha ziko sawa, hata kama nyuso zina mwangaza tofauti. Zinatakiwa ziwe na mwangaza tofauti. Ni watu tofauti.

Kinachosaidia ngozi nyeusi ni umbo la nuru kuliko wingi wake. Ngozi iliyokoza huonyesha umbo lake kwa mng'ao, kwa hiyo chanzo kikubwa na laini, mwavuli au softboksi (sanduku la kitambaa linalolainisha nuru ya taa) ya sentimita 120 ikiwa karibu na mtu, hutandaza mng'ao kwenye paji na shavu. Taa ndogo kali inaacha nukta nyeupe inayoonekana kama jasho. Na pale Dar es Salaam mwezi wa pili jasho lenyewe lipo pia. Karatasi za kufyonza mafuta na poda isiyo na rangi ni vifaa vya kazi sawa na kamera, kwa wanaume na wanawake.

Rangi inapotea njiani

Picha nzuri inaweza kuharibika baada ya kupigwa, na katika mazingira yetu njia kuu ya uharibifu inaitwa WhatsApp. Tawi linatuma picha ya mkurugenzi kama picha ya kawaida. Programu inaibana, inaipunguza, na kinachofika makao makuu ni kivuli cha faili. Itumwe kama dokumenti, au bora zaidi ipandishwe kwenye hifadhi ya pamoja ya kampuni ikiwa faili ghafi, kabla mtu yeyote hajaigusa.

Kisha kuna nafasi za rangi. Tovuti na simu nyingi zinategemea kipimo kiitwacho sRGB, kilichotolewa mwaka 1996 na HP na Microsoft. Wapiga picha wengi hufanya kazi katika Adobe RGB, ambayo ni pana zaidi. Faili ya Adobe RGB ikipandishwa mtandaoni bila kubadilishwa, programu isiyosoma wasifu wa rangi (maelezo ndani ya faili yanayotaja kipimo chake cha rangi) huionyesha imefifia, na nyuso zinageuka za mgonjwa. Mpiga picha anaapa kwamba kwake ilikuwa safi, na anasema kweli.

Kwa sababu hizi uhariri ufanyike mahali pamoja, na mtu mmoja au timu moja, kwenye skrini iliyopimwa. Wapiga picha wanaweza kuwa kumi. Mhariri awe mmoja. Yeye ndiye anayekata picha zote kwa uwiano mmoja, macho yakiwa kwenye mstari uleule, takriban theluthi ya juu, na kichwa kikichukua asilimia ileile ya urefu. Jicho la mtazamaji husamehe tofauti ndogo ya nuru, lakini mstari wa macho unaopanda na kushuka kama ngazi halisamehe. Ukiwa na saa moja tu ya kuokoa ukurasa mbovu, itumie kwenye ukataji.

Kuhusu kulainisha nyuso, kanuni ninayoipenda ni hii: kitakachokuwa kimeondoka baada ya wiki mbili kiondolewe, kitakachokuwepo kibaki. Kipele cha jana kinaondoka, na uzi uliokaa kwenye koti unaondoka. Kovu la utotoni, mvi, mwanya na mikunjo ya macho vinabaki.

Nani apige?

Njia ya kwanza ni kumzungusha mpiga picha mmoja ofisi zote. Ulinganifu wake ni wa juu kuliko wowote, na gharama yake pia: tiketi, hoteli, viza, forodha ya vifaa, na wakurugenzi ambao siku hiyo wamesafiri. Njia ya pili ni kuwasubiri viongozi wakutane. Kampuni nyingi zina mkutano wa mwaka unaowaleta wote mji mmoja, na kila mmoja anahitaji dakika kumi tu kitini. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia inayosahaulika zaidi na yenye thamani zaidi. Chumba kimoja, taa moja, siku moja, na fumbo lote la umbali na rangi linakwisha lenyewe.

Njia ya tatu ni wapiga picha wa kila mji wakiongozwa na mwongozo wenye namba. Inafanya kazi, kwa sharti moja: picha ya majaribio. Siku moja kabla, mpiga picha anamkalisha mfanyakazi yeyote kitini akiwa ameshika kadi ya kijivu, anatuma faili, na mhariri wa makao makuu anaiweka kando ya picha ya mfano. Marekebisho yanafanyika wakati huo, si wakati Mkurugenzi wa Nchi amekaa anatazama saa. Na mpiga picha wa mtaani alipwe kwa siku ya majaribio. Anayetegemewa kufuata kipimo bila kulipwa muda wa kupima atakisia.

Sasa imejitokeza njia ya nne: mtu anapakia picha zake chache za simu, akili bandia inamtolea picha ya suti na ukuta wa kijivu. Ulinganifu unapatikana haraka, na hapohapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mashine inafananisha kila kitu, hata mtu. Mwaka 2023 mwanafunzi mmoja wa MIT mwenye asili ya Asia aliiomba programu ya aina hiyo impe picha ya kitaalamu zaidi. Ikamrudishia uso wenye ngozi nyeupe na macho ya bluu. Programu zimeboreka tangu hapo, lakini picha ya kiongozi katika ripoti ya mwaka ni tamko kwamba mtu huyu yupo na anaonekana hivi. Kuitumia mashine kubadilisha mandhari ya picha halisi naona inakubalika. Kuitumia kutengeneza uso, hapana.

Kabla ya kupiga, andikeni pia makubaliano. Picha ya mtu ni taarifa binafsi chini ya sheria za Kenya na Uganda za mwaka 2019, ya Rwanda ya 2021, ya Tanzania ya 2022, na kanuni ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu 2018. Aliyepigwa anapaswa kujua picha yake itakwenda wapi na itaondolewa lini akihama kazi. Hakimiliki nayo inatofautiana. Uingereza, mpiga picha wa kujitegemea hubaki na hakimiliki hata kama amelipwa, isipokuwa mkataba useme vingine. Mkataba mmoja unaosomeka sawa katika nchi zote huzuia ugomvi wa baadaye.

Muda hushinda umbali

Jambo la mwisho ni lile linalovunja mifumo mizuri. Siku ya uzinduzi picha zote zinalingana. Miezi sita baadaye anaajiriwa Mkurugenzi wa Fedha mpya, anahitajika kwenye tovuti Jumatatu, na mtu anamwambia, "Tuma tu uliyo nayo." Baada ya miaka miwili ukurasa umerudi ulikotoka, na safari hii tofauti haiko kati ya nchi na nchi, iko kati ya waliopo na waliofuata, ndani ya jengo lilelile.

Kwa hiyo mpangilio uhifadhiwe kama kumbukumbu za kampuni zinavyohifadhiwa: mchoro wa chumba na umbali wote, jina na namba ya rangi ya karatasi, kipimo cha kamera, faili ghafi, na picha ya seti yenyewe iliyopigwa kutoka pembeni ikionyesha taa zilivyosimama. Kila ofisi iwe na mtu mmoja anayejua kabati la karatasi na taa liko wapi. Nafasi ya kiongozi mpya ambaye hajapigwa ibaki na herufi za jina lake kwenye kijivu cha kampuni, hata kwa wiki tatu, kuliko kuwekwa picha ya harusi iliyokatwa.

Na awepo mtu mwenye mamlaka ya kukataa picha, hata ikitoka kwa mkubwa. Hapo ndipo mpango wote husimama au kuanguka. Mkurugenzi Mtendaji akiruhusiwa kutumia ile picha aliyoipenda ya miaka minane iliyopita, hakuna mkuu wa tawi atakayekaa kwenye kiti. Akikaa yeye wa kwanza, kwenye alama zilezile sakafuni na dakika zilezile kumi, wengine hawatahitaji kubembelezwa.